Baiskeli, hema na Ziwa Tanganyika: jioni ndiyo inayoamua safari

Watu wanaoniuliza kuhusu safari yetu ya baiskeli kando ya Ziwa Tanganyika huanza na miguu: milima iko wapi, mtu anaweza kwenda kilomita ngapi kwa siku, baiskeli ya gia inafaa au haifai. Ni maswali ya haki, nami huyajibu. Lakini lililotusumbua mimi na mdogo wangu kuliko yote lilikuwa la jioni. Jua likizama mtakuwa wapi, na mwenyeji gani atakuwa anajua kwamba mko hapo? Siku ambazo tulikuwa na jibu kabla ya saa kumi, tulilala vizuri. Siku tuliyolikosa tulilipa kwa hofu ambayo sitamani mtu mwingine aionje, na ndiyo sababu naandika.

Sisi ni wa Tabora. Baiskeli zilipanda treni pamoja nasi hadi Kigoma zikiwa mzigo wa kawaida. Ukifanya hivyo, fungua pedali, geuza usukani ulale sambamba na fremu, na uufunike mnyororo kwa gunia usije ukachafua vitu vya wengine. Andika jina na namba ya simu kwenye fremu yenyewe, maana karatasi hubanduka.

Upande wa kwenda tulisaidiwa kuuchagua na wenyeji pale soko la Mwanga. Kaskazini mwa mji hakufai kwa baiskeli. Vilima vinashuka moja kwa moja hadi majini, Hifadhi ya Gombe imekaa papo hapo ufukweni, na watu wengi wa Mwamgongo na Kagunga husafiri kwa boti kutoka Kibirizi. Kusini kuna barabara: Ujiji, Simbo, Ilagala, kisha vijiji vya Sunuka na Sigunga, na mwenye nguvu anaendelea mpaka Kalya. Tukaamua kwenda kusini hadi Sigunga. Usidhani barabara hiyo inafuata maji muda wote. Inaacha ziwa, inapanda, inapita mashamba ya mihogo na michikichi, halafu inakurudisha ufukweni ukiwa umeshaanza kulisahau ziwa.

Kuna jambo la upepo ambalo ningependa kila mtu alijue kabla hajafunga mzigo. Wakati wa kiangazi upepo wa ziwani hutoka zaidi kusini. Mtu anayetoka Ujiji kwenda Sunuka anaupokea usoni, hasa pale barabara inapotoka kwenye kinga ya vilima. Safari hiyohiyo ukiigeuza, yaani ukapanda boti hadi kusini na kurudi mjini kwa baiskeli, upepo unakusukuma mgongoni. Nikienda tena nitaanzia kusini.

Baiskeli ya mdogo wangu ilikuwa ya mtumba, ya gia, nyepesi na nzuri kuitazama. Yangu ilikuwa Phoenix ya kawaida, nzito, isiyo na gia hata moja. Kwenye milima baada ya Simbo yeye alipanda akiwa amekaa, mimi nilishuka na kusukuma. Nilimwonea wivu. Lakini barabarani tulipishana na vijana wenye Phoenix kama yangu, wamepakia madumu ya mawese na magunia ya mihogo, nami nikaanza kuangalia walivyofunga. Mzigo wao uko chini, umegawanywa pande zote mbili za gurudumu la nyuma, umebanwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Sisi tulikuwa tumerundika kila kitu juu ya keria: hema, sufuria, turubai, mchele, dumu la maji. Mmoja wao alisimama, akatusalimia, akatazama keria ya mdogo wangu bila kusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Bro, hiyo nyuma haifiki mbali."

Tulihamisha maji chini upande mmoja na sufuria upande wa pili, tukamshukuru. Ilikuwa imechelewa kidogo. Tulikuwa tumeshavuka Malagarasi kwa kivuko pale Ilagala, na kwa mtu wa Tabora kuvuka mto ule kunagusa moyo, kwa sababu maji ya mto Ugalla wa kwetu yamo humo, yametembea mpaka huku. Tukaingia kwenye barabara yenye makorongo na mawe. Spoku za gurudumu la nyuma la mdogo wangu zikaanza kukatika, moja, halafu nyingine, zote upande wa friwili, yaani ile gia ya nyuma inayozungushwa na mnyororo. Gurudumu likapinda hadi likawa linasugua breki.

Fundi tulimpata kijijini chini ya mwembe, na hapo ndipo wivu wangu ulipokwisha. Kila kitu cha Phoenix alikuwa nacho: spoku, gololi, kotapini, mnyororo, hata ekseli. Cha baiskeli ya gia hakuwa nacho. Kubadilisha spoku za upande ule lazima friwili itolewe, na friwili ya gia inataka kifaa chake maalumu. Yule kaka alihangaika kwa nyundo na patasi, taratibu, akiogopa kuharibu mali ya mgeni, mpaka ikalegea. Akachukua spoku za Phoenix ambazo ni ndefu zaidi, akazikata, akazipinda ncha upya, akazikaza. Alitutoza shilingi elfu nane kwa kazi ya saa nyingi. Tukamwongezea, na bado nadhani tulimpunja.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu baiskeli ni huu: chukua ile ambayo fundi wa kijijini anaifahamu kwa kuipapasa tu. Kama huna budi kwenda na ya gia, nunua mjini kifaa cha kufungulia friwili na spoku za saizi yako, uzifunge kwenye fremu. Viraka, gundi na pampu usiviache. Miiba ya huko haibagui tairi.

Fundi alipomaliza, jua lilikuwa limeshaelekea milima ya Kongo. Alitusihi tulale pale. Sisi tulikuwa na hamu ya kusogea, na kijiji kilichofuata kwenye ramani ya simu kilionekana kipo karibu. Giza likatukuta kati ya vijiji, pembeni ya barabara, mahali ambapo njia ndogo inashuka ufukweni. Tukaifuata, tukaona mchanga, tukasimamisha hema kwa mwanga wa tochi.

Nakumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa nzuri ile saa ya kwanza. Taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejaa ziwani, nyingine karibu kiasi cha kusikia watu wakizungumza. Tulipika uji, tukanywa, tukajilaza. Halafu zikaja tochi kutoka nchi kavu, nyingi, na sauti za wanaume: "Tokeni nje! Mikono tuione!"

Nilitoka mimi kwanza, nimejifunga kanga, nikasema, "Shikamooni." Hakuna aliyeitikia. Mmoja alikuwa na panga. Waliuliza tumetoka wapi, tunakwenda wapi, huyu kijana ni nani wako, mume wako yuko wapi, mbona mmejificha. Neno la kujificha lilinichoma, lakini leo nalielewa. Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi, na Kongo iko ng'ambo ya maji. Kwa miongo mingi watu wamevuka hapa wakikimbia vita, na pamoja na wakimbizi wema hupita pia watu wa shari. Wavuvi wa ziwa hili wameporwa injini za boti wakiwa kazini. Hema lililosimamishwa gizani na watu wasiojulikana, mbali na nyumba, lina maana gani kwa mwanakijiji mwenye injini yake ufukweni?

Vitambulisho vyetu vya taifa, vile vya NIDA, ndivyo vilivyotuokoa. Mzee mmoja aliviangalia kwa tochi, upande huu na upande ule, akanitazama usoni, kisha akaitikia ile salamu niliyoitoa mwanzo: "Marahaba, binti." Sijawahi kufurahia neno kama hilo. Tukakunja hema mikono ikitutetemeka, tukasindikizwa hadi ofisi ya kijiji, tukalala barazani. Asubuhi yule mzee, ambaye kumbe ndiye mwenyekiti, aliniambia bila ukali: "Mngefika kwangu mchana ningewapa mahali pazuri. Usiku mimi sijui nyie ni akina nani, na watu wanaonitegemea wamelala." Mke wake akatuletea chai na mihogo ya kuchemsha.

Tangu siku hiyo tulibadilisha utaratibu wote wa safari. Tulikuwa tunaondoka alfajiri kukiwa na ubaridi, tunapumzika jua la saa sita, na ikifika saa tisa, hata kama miguu ina nguvu, tunaanza kuulizia kijiji cha kulala. Baiskeli zinasimama kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, au kwa mtendaji. Unasalimia, unajieleza, unatoa kitambulisho kabla hujaulizwa, unaandika jina kwenye kitabu cha wageni kama kipo. Halafu unasema kwamba una hema lako, huombi chumba, unaomba kuonyeshwa mahali. Hakuna kijiji kilichotukatalia. Kimoja kilituomba shilingi elfu tano za mlinzi wa usiku, tukatoa kwa moyo mmoja. Kwingine tuliambiwa tusimamishe hema ndani ya ua wa mama mmoja mjane, na watoto wake wakalala wakituchungulia.

Usiombe tu mahali. Mwulize mwenyeji viboko wanapandia wapi. Hili sikulijua kabla ya Sunuka. Kiboko hukaa majini mchana, usiku hutoka kwenda kula majani, naye ana njia zake anazozirudia. Mtu aliyelala kati ya kiboko na maji yuko hatarini hata kama hajafanya kosa lolote. Kuzunguka mdomo wa Malagarasi kuna viboko na mamba, kwa hiyo huko usiteke maji jioni wala usinawe ukiwa umeinama mahali penye matete. Mwenyeji wetu alitupeleka kuona mapito yenyewe: mfereji laini uliochimbika kwa miguu kwenye nyasi, umbali mdogo tu kutoka mahali ambapo mimi kwa macho yangu ningepachagua kwa kuwa pamesawazika. Pamesawazika kwa sababu viboko ndio wanaopakanyaga.

Uliza pia maji yanafika wapi usiku. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda sana, na fukwe nyingi ambazo watu wazima walichezea utotoni hazipo tena. Tuliona michikichi imesimama ndani ya maji, na misingi ya nyumba inayopigwa na mawimbi. Ufukwe uliobaki ni mwembamba, na upepo ukivuma usiku wimbi linapanda kuliko ulivyoliacha jioni. Kaa juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na maji, kisha ongeza hatua nyingi. Chini ya mchikichi usilale, makuti yake yakianguka ni mazito. Wala usisimamishe hema kwenye mchanga uliofagiwa. Mchanga uliofagiwa una mwenyewe: kina mama wanaanika dagaa hapo jua likichomoza, na utakuwa umewazuia riziki.

Kwa wanawake wenzangu, mambo mawili niliyotamani kuambiwa. Karibu kila kijiji kina sehemu ya ufukwe ambapo wanawake huoga, na wanaume hawapiti. Mwulize mama yeyote, atakupeleka mwenyewe, na hapo ndipo nilipopata habari nyingi kuliko barabarani: nani ana boti, barabara ya mbele ikoje, zahanati ipi ina dawa. La pili, vaa kanga au dera ukishashuka kwenye baiskeli. Sikukutana na mtu aliyenikemea kwa suruali, ila mazungumzo yalifunguka haraka zaidi nilipojifunga kanga kabla ya kuingia uani kwa watu.

Maji ya Tanganyika yanadanganya kwa uzuri. Ni angavu, unaona mawe chini, na ukikumbuka kwamba kina chake kinafika mita 1,470 unaona kama uchafu hauwezi kuyashinda. Lakini maji ya ufukweni mbele ya kijiji ni maji ya kijiji. Kipindupindu kimewahi kuua watu katika vijiji vya mwambao huu. Mdogo wangu aliharisha siku mbili kwa kunywa kikombe alichopewa kwa ukarimu, na tukakaa kijijini mpaka alipopata nguvu. Dawa ya maji mwilini, ile ya pakiti inayochanganywa na lita moja ya maji safi, nilikuwa nayo chache, nikaongezewa zahanati. Beba za kutosha watu wote. Maji ya kunywa tulichemsha jioni, yakapoa usiku kwenye dumu, na mchana tulipokosa kuni tulitumia vidonge. Kikombe cha mwenyeji sasa nakipokea kwa mikono miwili, na kama sijui maji yametoka wapi naomba chai. Chai imechemshwa, na hakuna anayekasirika kuombwa chai.

Chandarua ndani ya hema usikiruke. Hema likifungwa vizuri mbu hawaingii, lakini joto la usiku kando ya ziwa litakufanya ulifungue.

Chakula hakikutusumbua. Ule mchele tulioubeba kutoka mjini tulikuja kuugawa, kwa sababu ugali wa muhogo na dagaa vipo kila kijiji, na sahani ilikuwa shilingi elfu mbili au tatu. Mgebuka wa kuchoma tulikula tulipobahatika, na maharage ya mawese nayasifu bila kificho. Ila fahamu mambo mawili ya samaki. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa kuwavuta, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wengi wanapumzika na dagaa wabichi wanaadimika. Tena mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Uliza kabla ya kusafiri miezi hiyo, maana vijiji vikikosa samaki, mgeni naye asitegemee cha wenyeji.

Pesa beba taslimu, noti ndogondogo. Mawakala wapo, lakini mara nyingi hawana salio la kukutolea, na noti ya elfu kumi kwa mama wa chai asubuhi ni mzigo kwake. Gharama zilizotuzidi bajeti zilikuwa matengenezo ya baiskeli na boti ya kurudi. Simu tulichaji kwenye vibanda vya sola kwa mia tano, na ni busara kuichaji kila unapoona kibanda hata kama bado ina nusu.

Tulifika Sigunga tumechoka na tumenyooka mioyo. Gurudumu la mdogo wangu lilikuwa limeanza kuyumba tena, kwa hiyo tukaamua kurudi mjini kwa boti ya mizigo na abiria. Baiskeli zilitozwa nauli kama magunia. Mambo ya boti nayasema kwa uzito. Panda ile inayoondoka mapema, kwa kuwa mchana upepo unaliamsha ziwa. Dai jaketi la kuokolea uvae mwilini, usilikalie. Boti ikijaa kupita kiasi shuka, hata kama mizigo yako imeshapangwa chini ya mingine na watu wanakununia. Kutoka boti ya kwanza tulishusha mizigo yetu tena mbele ya manung'uniko, tukangoja nyingine. Baiskeli zifungwe pembeni juu, si chini ya magunia, vinginevyo utashusha vyuma vilivyopinda.

Kuna jambo moja la baada ya safari. Ukioga na kuteka maji ufukweni kwa siku kadhaa, umejiweka kwenye hatari ya kichocho, hasa kama ulikanyaga penye maji yaliyotulia, majani na konokono. Usipime wiki ileile uliyorudi, kwani vimelea vinahitaji muda kukua ndipo mayai yaonekane. Sisi tulikwenda hospitali baada ya kama miezi miwili, tukatoa choo na mkojo vyote viwili. Mimi sikukutwa nacho. Mdogo wangu alikutwa nacho ingawa hakuwa anaumwa chochote, akapewa vidonge kwa kupimwa uzito, na alipopimwa tena baadaye akawa safi.